Biriani Iliyokosa Chumvi

Mahakama ilimwachia Haiderali asubuhi, na kabla hajafika ngazi ya mwisho ya jengo lile akakamatwa tena. Mkewe, Roshanara, alikuwa ameshanyoosha mkono ampokee mfuko wa nguo. Mkono ukabaki hewani. Wanaume wawili waliochomekea mashati walimshika mumewe makwapani, kwa adabu kabisa, kama watu wanaomsaidia mgonjwa, na wa tatu akatoa karatasi akaisoma upesi upesi kama mtu anayesoma matangazo ya vifo redioni. Roshanara alidaka maneno machache tu: kizuizini, maslahi ya uchumi, mpaka itakapoamuliwa vinginevyo.

"Lakini hakimu kasema hana kesi!" alisema.

"Ndiyo maana, mama," yule wa karatasi akamjibu. "Hii si kesi. Hii ni amri."

"Tofauti yake nini?"

"Kesi inaishaga."

Haiderali aliingizwa garini. Kabla mlango haujafungwa aligeuka, akawaona majirani wa mtaani kwao Kipawa waliokuja kusikiliza, akawapungia mkono. Aliupunga taratibu, kiganja wazi, kama kiongozi anayeagwa uwanja wa ndege. Roshanara aliyaona macho ya mumewe akajua kwamba katikati ya balaa lote lile mtu huyu anajisikia vizuri. Alitamani kumzaba kibao.

Maana kosa la Haiderali lilikuwa mdomo. Kwa kazi alikuwa akikodisha vito vya maharusi: mikufu, vikuku, bangili, vyote vya shaba iliyochovywa rangi ya dhahabu, vinavyovaliwa Jumamosi na kurudishwa Jumapili kabla havijamwachia bibi harusi alama ya kijani shingoni. Kwa mapenzi yake alikuwa mwongo. Hakuwa mwongo wa kumdhulumu mtu; alikuwa mwongo wa barazani, wa kahawa na kashata, na watu walimpenda kwa hilo. Jioni moja, kwenye benchi la jirani yake Badru, alisimulia jinsi alivyovusha dhahabu kilo hamsini kwenda Dubai ndani ya sufuria la biriani. Akasimulia mpaka ofisa wa uwanja wa ndege alivyofunua mfuniko, akachota, akaonja, akasema imekosa chumvi. Watu walicheka mpaka wakamwaga kahawa. Mmoja alikuwa anarekodi kwa simu.

Ile sauti ilizunguka kwenye makundi ya simu mji mzima. Bahati mbaya, siku zile zile kulikuwa kumenaswa mzigo wa dhahabu ya magendo usio na mwenyewe, na wakubwa walikuwa wanataka jina. Jina likapatikana, tena na sauti yake mwenyewe. Mahakama ya chini ilipoona hakuna shahidi wala kielelezo, ikamwachia. Ndipo ikaja amri.

*

Kipawa ilipokea habari ile kwa heshima kubwa. Alipokuwa ameshitakiwa tu, watu walisema kaonewa. Lakini amri! Nani anawekwa kizuizini kwa ajili ya shaba?

Khalfani, mwenye duka la kona, ambaye miaka yote alimhudumia Roshanara huku macho yake yakiwa kwenye simu, sasa alimfutia kiti kwa shati lake. "Kaa bibie, usisimame juani." Kijana mmoja asiyemfahamu alimsimamisha njiani akamwomba mtaji wa kufuga kuku. Na Mwajabu, mke wa Badru, alikuja uwani kwake na bakuli la futari, akakaa kwenye kigoda, akatazama kushoto na kulia.

"Shoga, mie siulizi kitu. Sina mdomo, unanijua. Ila kama kuna kitu unataka kukizika, kwetu udongo laini, na mbwa hatuna."

"Nizike nini, Mwajabu?"

"Sijui mie. Nimesema kama."

"Vile vya kukodisha? Si wewe mwenyewe ulivaa ule mkufu mkubwa harusi ya Naima, ukakuwasha shingo mpaka ukapakwa mafuta ya nazi?"

Mwajabu akacheka kwa furaha, akamfinya mkono. "Hapo ndipo mlipotuweza."

Siku iliyofuata likaja gari la kunyonya majitaka. Dereva wake, Benjamin, alivaa glovu mpya. Alisema amepita tu, akaona amsaidie mama wa watu bure, maana mzee hayupo. Roshanara alipomwambia kwamba shimo lilinyonywa juzi juzi, alisema haidhuru, usafi hauzidi. Akaleta mti mrefu akaanza kukoroga. Alikoroga lile shimo kwa makini, akisimama kila mti ulipogonga kitu, akiinama, akichungulia, kama mpishi anayeogopa uji usishike chini. Alikoroga mpaka jasho likamtiririka puani. Kilichopatikana ni kijiko na mguu wa mwanasesere.

Roshanara alisimama dirishani, leso puani, akacheka kwa mara ya kwanza tangu mumewe achukuliwe. Alicheka mpaka akatoa machozi. Kisha kicheko kikaisha, machozi yakaendelea.

Maana upande mwingine haukuchekesha. Wateja walikatika. Mama wa bibi harusi gani angemvika binti yake mkufu wa Haiderali, halafu gari la polisi likaja ukumbini? Waliokuwa wameshaweka miadi walipiga simu kuahirisha, na waliokuwa na seti majumbani walizirudisha zimefungwa gazeti, wakizishika kwa ncha za vidole. Msikitini nako wanawake wenzake, waliozoea kubanana naye kwenye mkeka, walimpisha nafasi pana mno. Hakuna aliyesema neno baya. Walimuuliza hali kwa sauti ya kliniki, kisha wakageukiana. Alirudi nyumbani akamwambia binti yake Samina, "Leo nimekaa peke yangu kwenye mkeka wa watu wanne."

Samina, aliyekuwa akiuza dawa kwenye famasi moja ya Mikocheni na ndiye pekee aliyebaki na kipato katika nyumba ile, alivua viatu vyake, akasema, "Tuuze friza, Mama. Tutafute wakili."

*

Wakili aliitwa Alfonsi. Ofisi yake ilikuwa Ubungo, ghorofani, juu ya duka la magodoro, na alikuwa na tabia ya kucheka kabla ya kusema jambo baya, kwa hiyo alipocheka tu Roshanara akashika ukingo wa kiti.

"Mama, sheria hii ni ya zamani kuliko mie na wewe, na ina meno. Lakini kuna kitu kimoja inakidai hata kwa wanaoitumia. Mtu akiwekwa kizuizini, lazima aelezwe sababu kwa maandishi, na kuna muda uliowekwa. Mzee ameelezwa?"

"Na nani? Siku ile wamemsomea karatasi, wakaondoka nayo."

"Na muda umeshapita." Alfonsi akasugua viganja. "Basi tunaiomba Mahakama Kuu iamuru aletwe mbele yake, na wanaomshikilia waseme kwa nini. Ila lazima yeye mwenyewe aape kwamba hajaelezwa. Mwingine hawezi kumwapia."

"Ataapa."

Wakili akacheka. Roshanara akashika kiti.

"Tatizo ni ile sauti. Serikali itaileta, na jaji akiisikia bila maelezo, atafungua kitabu cha sheria akiwa ameshakunja uso. Kwa hiyo kwenye kiapo mzee lazima aseme pia kwamba zile zilikuwa porojo. Kwamba yeye ni mtu wa vito vya shaba, basi. Atakuwa na shida kusema hivyo?"

Roshanara aliachia kiti. "Wakili," akasema, "una maji ya kunywa?"

*

Kwenye geti la gereza, askari alifungua kontena la kachori, akazitoboa moja moja kwa waya.

"Unatafuta nini, mwanangu?"

"Utaratibu, mama."

Alipomaliza, kachori zilikuwa kama zimeliwa na panya. Roshanara alizipanga tena, zile zenye matundu madogo juu, akaingia na Alfonsi kwenye chumba chenye wavu katikati.

Haiderali alikuja amenyooka, lakini shati lilikuwa linamning'inia. Nywele zake, alizokuwa akizipaka hina kila mwezi, zilikuwa zimeota nyeupe kutoka chini, nyekundu ikabaki nchani kama kitu kinachofifia. Roshanara alitaka kumgusa kichwa, wavu ukamkumbusha.

Mfungwa mmoja kijana alipita nyuma akiburuta ndoo. "Shikamoo Tajiri!"

"Marahaba, baba," Haiderali akamjibu, na mgongo ukanyooka zaidi. Akamgeukia mkewe kwa sauti ya chini. "Umesikia? Wote wananiita hivyo. Wamenipa mahali pa kulala karibu na dirisha. Kuna mmoja ananipepea."

"Umekonda, Baba Samina."

"Nafanya mazoezi."

Alfonsi alimpitishia rasimu ya kiapo. Haiderali akaisoma, kwanza kimya, kisha kwa sauti, na kila neno akilitoboa kama askari alivyozitoboa kachori.

"'Mimi ni mkodishaji wa vito vya shaba. Sijawahi kumiliki dhahabu wala kusafiri nje ya nchi. Maneno niliyoyasema barazani yalikuwa porojo za kujifurahisha.' Nani kaandika haya?"

"Mie, mzee. Kwa maelezo ya mama."

"Porojo?"

"Tunaweza kuweka soga."

"Sijawahi kusafiri nje ya nchi! Na Mombasa?"

"Uliishia Tanga," Roshanara akasema. "Basi liliharibika."

Haiderali akaisukuma karatasi ikarudi chini ya wavu. Alisema kwamba habari ya kutoelezwa sababu ataiapia hata sasa hivi, maana ni kweli, lakini hayo mengine hapana. Alfonsi akamweleza tena kwa subira kuhusu sauti, kuhusu jaji, kuhusu uso kukunjwa. Haiderali alitikisa kichwa tu.

"Wakili, una mke?"

"Ninaye."

"Na mtaa unao. Nikitia sahihi hapa, haya yatasomwa mbele ya watu. Nitatoka humu nikiwa nani?"

"Mume wangu," Roshanara akasema.

Haiderali alimtazama kwa upole, hata kwa huruma. "Ndiyo, Roshan. Lakini barazani hilo halitoshi."

Roshanara alichukua mkoba wake akatoka bila kuaga. Nje, kwenye benchi la wageni, alikaa akavuta pumzi. Kachori alikuwa ameziacha ndani na hata salamu za Samina hakuzifikisha. Zaidi ya yote lilimchoma lile neno lake, mume wangu, jinsi lilivyowekwa kwenye mizani likaonekana jepesi.

*

"Mwache akae huko basi," Samina alisema jioni ile, akiosha vyombo kwa kishindo. "Si anapepewa?"

"Hajawahi kukonda vile hata alipougua taifodi."

"Basi mwambie ukweli. Mwambie watu wanatucheka."

"Hawatucheki, ndiyo shida yenyewe. Wanatuheshimu." Roshanara alikuwa akikunja taulo ile ile kwa mara ya tatu. "Angesikia wanamcheka angetoka mbio. Au angesikia kuna mtu…"

Samina akageuka na sufuria mkononi, maana mama yake alikuwa na uso asiouzoea.

"Kuna mtu nini?"

"Kuna mtu kakaa mahali pake."

"Nani kakaa mahali pake?"

"Hakuna. Bado."

Samina akafunga bomba. Katika nyumba ile uongo wote ulikuwa wa Haiderali. Roshanara hakuwa nao hata ule mdogo wa kumwambia mgeni kwamba chakula kipo tele. "Mama," akasema, "wewe ukidanganya masikio yanakuwaga mekundu."

"Nitavaa mtandio."

*

Aliuvaa mtandio mzito, akaufunga mpaka kidevuni, akarudi gerezani. Alfonsi alikaa pembeni na karatasi zake, akiwa ameambiwa asiseme kitu mpaka aulizwe. Mwanasheria mwenzake, aliyekuja kushuhudia kiapo, alisubiri mlangoni akitazama saa.

"Badru anakusalimu," Roshanara alianza.

"Mzima? Kahawa inatoka?"

"Watu wanajaa mno. Siku hizi anahadithia yeye."

Haiderali alicheka. "Badru? Badru anahadithia nini? Hata njia ya kwenda sokoni hawezi kuielekeza."

"Ile ya biriani."

Kicheko kikakatika.

"Anasema ule mzigo tangu mwanzo ulikuwa wake. Wewe ulikuwa unambebea sufuria tu, na wamekukamata kwa makosa kwa sababu wewe ndiye uliyekuwa unaonekana." Masikio yalikuwa yanamwaka chini ya mtandio, lakini ulimi, ajabu, ulikuwa unateleza kama umepakwa samli. "Watu wanamwamini. Khalfani anampa kiti."

"Kiti kipi?"

"Kile chenye mto."

Haiderali alishika wavu kwa vidole vyote. "Badru asiyejua kuosha mchele! Alisema nini kuhusu yule ofisa? Alimtaja?"

"Alimtaja." Roshanara akashusha macho, akachagua. "Alisema ofisa alionja, akasema chumvi imetosha."

"Ilikosa chumvi!"

Alipiga ukelele mpaka askari wa zamu wakageuka. "Ilikosa chumvi! Hadithi nzima iko hapo! Chumvi ikitosha kuna hadithi gani tena? Mpumbavu yule ataiua! Wakili! Kalamu!"

Aliapa bila kusoma, akatia sahihi kwa nguvu mpaka karatasi ikatoboka, ikabidi Alfonsi atoe nakala nyingine. Walipotoka nje wakili aliikunja ile karatasi iliyotoboka, akaitia mfukoni. Kisha akasema tu, "Mama, ukitaka kazi, njoo Ubungo."

Roshanara alifungua mtandio apate hewa. Alijua anapaswa kuona aibu, akaitafuta ile aibu kwa dhati. Alichokikuta ni hamu ya kula kitu kitamu.

*

Siku ya shauri, nusu ya mtaa ilihamia Mahakama Kuu. Badru alikuja na kofia mpya, Mwajabu na khanga za kutokea. Haiderali alipoletwa, hakumtazama jaji wala wakili. Alimtazama Badru. Badru, ambaye hakujua kitu, akampungia mkono.

Jaji alikuwa mwanamke wa makamo mwenye sauti ndogo iliyofanya watu wote wainame kusikiliza. Alfonsi alieleza hoja yake: mtu kashikiliwa, muda umepita, sababu hajaelezwa. Kisha akasoma kiapo, pamoja na shaba na porojo na kutosafiri nje ya nchi. Roshanara alikaza macho sakafuni. Hakutaka kuona uso wa mumewe. Nyuma yake alimsikia Mwajabu akimnong'oneza Badru kwa sauti iliyojaa heshima, "Loo! Kajificha vizuri huyo."

Ndipo akasimama wakili wa serikali, kijana nadhifu ambaye bila shaka hakuichagua kesi hii mwenyewe. Alikuwa na ile sauti, imeandikwa neno kwa neno, na akaisoma kwa uzito wote wa kazi yake.

"'Nikalishika sufuria kwa mkono mmoja, kwa sababu mkono wa pili nilikuwa nimeshika pasipoti.'" Akapindua ukurasa. "'Ofisa akasema, mzee, fungua. Nikafungua. Mvuke ukampiga usoni. Akachota kwa kijiko, akaonja, akasema imekosa chumvi.'"

Mtu mmoja alikohoa kikohozi kisicho cha ugonjwa. Karani akainamia meza yake, mabega yakimtikisika. Wakili wa serikali aliacha kusoma, masikio yakaiva.

"Endelea, wakili," jaji alisema. "Baada ya chumvi ikawaje?"

"Mheshimiwa… 'Nikamwambia, mwanangu, hii ni ya wagonjwa wa presha.'"

Ukumbi ukaangua. Hata askari aliyemshika Haiderali aligeukia ukutani. Haiderali mwenyewe, aliyekuwa ameinamisha kichwa tangu kiapo kisomwe, alikiinua kidogo kidogo, akageuza shingo kuona ni akina nani wanaocheka, na Roshanara akaona midomo yake ikicheza. Akamkazia macho. Ikatulia.

Jaji alisubiri mpaka kimya kikarudi. Hakuwa amecheka.

"Wakili, sababu za kumweka kizuizini mtu huyu alipewa lini?"

"Mheshimiwa, alizijua. Ni maneno yake mwenyewe."

"Sijauliza kama alizijua. Nimeuliza alipewa lini."

Kijana akafunua jalada, akafunua tena upande wa pili. Feni ilizunguka. "Kwenye jalada sioni, mheshimiwa."

Uamuzi ulisomwa baada ya mapumziko, na ulikuwa mfupi. Jaji alisema mahakama haikuombwa kuamua kama mwombaji alibeba dhahabu au biriani, na haitaamua. Imeombwa kuangalia kama waliomfungia mtu wamefuata sheria iliyowapa uwezo wa kumfungia. Mtu ambaye hajaambiwa kwa nini amefungwa hawezi hata kujitetea, na sheria yenyewe imelikataa hilo. Amri haina nguvu. Aachiwe sasa hivi.

Safari hii Roshanara hakungoja ngazi. Alimshika mumewe mkono wa shati palepale ndani, akashuka naye ngazi moja moja, akimtazama kila mwanamume aliyechomekea shati. Hakuna aliyesogea. Hakumwachia mpaka wakawa nje ya geti, na hata hapo alimwachia kwa sababu yeye mwenyewe Haiderali alijichomoa, akamfuata Badru.

"Kwa hiyo chumvi ilitosha, eh?"

Badru akamtazama Haiderali, akamtazama Roshanara aliyesimama nyuma yake akiwa amefumbata mikono, macho amemtolea, na masikio mekundu kama pilipili. Badru alikuwa mume wa siku nyingi. Hakuelewa hata neno moja, lakini alielewa kwamba hapa jibu ni moja.

"Nisamehe, ndugu yangu," akasema. "Ilikosa."

*

Nyumbani benchi la Badru lilihamishiwa mbele ya mlango wao, na watu wakajaa. Birika lilikuwa jikoni, kashata zimepangwa, Khalfani kaleta kile kiti chenye mto kwa mikono yake. Haiderali, mwenye kiti, hakutoka.

Roshanara alimkuta chumbani, ameketi ukingoni mwa kitanda na viatu vyake miguuni. Alimwekea sinia la wali na kuku magotini. Haiderali alikula. Hakula kama alivyozoea, kwa kusimamisha tonge hewani ili amalizie maneno. Alikula kimya, kichwa chini, haraka, mkono wa kushoto umekinga sinia kama kuna mtu atalinyakua. Roshanara aliutazama ule mkono.

"Wanakungoja nje," akasema.

"Najua."

"Huendi?"

Haiderali alisafisha mfupa mpaka ukawa mweupe. "Kachori zako sikuzionja hata moja, Roshan."

"Zilitobolewa. Najua."

"Si hilo." Akaweka mfupa chini. "Ukiitwa Tajiri, lazima ugawe. Tajiri gani asiye na cha kugawa? Siku ya kwanza niliwapa sabuni. Halafu ulipoleta chakula nikawapa. Halafu kikaisha, nikawapa sahani yangu ya pale pale, nikasema mie chakula cha jela sikiwezi, nimezoea kuku. Wakasema, Tajiri kweli huyu." Alijaribu kucheka. "Yule wa kunipepea alikuwa ananipepea kwa chapati mbili. Siku nisipokuwa nazo alikuwa anakaa tu ananitazama."

Roshanara akakaa pembeni yake. Kitanda kikalia.

"Ungewaambia."

"Niwaambie nini? Shaba?" Akajifuta vidole polepole. "Kuna siku nililia, nikasema ni mafua. Hayo siwezi kuwasimulia wale. Na mengine sina. Nikitoka pale nje wataniambia, haya, Bwana Haideri, tuambie ya huko. Nitasema nini? Nimetafuta tangu mahakamani, sioni pa kuanzia."

Nje mtu aligonga kikombe kwa kijiko. "Jamani, mgeni wetu!" Badru aliita. Watu wakapiga makofi.

Roshanara alimtazama mumewe, zile nywele za rangi mbili, shati lililomzidi. Alikumbuka hasira zake zote alizokuwa amezipanga amwambie siku atakayotoka; alikuwa amezipanga vizuri, kwa mfululizo. Alinyanyuka, akamwongezea wali.

"Kula," akasema.

Akachukua mtandio kwenye msumari, ule mzito, akaufunga mpaka kidevuni, akatoka. Watu walisogea kutazama nani anamfuata nyuma. Hakuna. Roshanara akakiendea kile kiti chenye mto, akakikalia, akapokea kikombe cha kahawa kutoka kwa Badru, ambaye alimpa kwa mikono miwili.

"Mzee kachoka," akasema. "Ila kwa kuwa mmengoja, nitawaambia kidogo. Si yote. Mengine kakatazwa."

Watu wakavuta mabenchi. Mwajabu akashika kifua.

"Ile siku ya kwanza alipoingia, mvua ilikuwa inanyesha," Roshanara alianza. Alikunywa kahawa funda moja, bila haraka, kama alivyoona ikifanywa miaka yote. "Kaingia getini, mkuu wa pale mwenyewe kasimama. Akasema, mzee huyu asiloe. Basi akatoka askari mmoja mbio, na mwamvuli, kamshikia mpaka ndani…"

Kutoka dirishani, kwa sauti ya mtu mwenye tonge mdomoni, likaja sahihisho:

"Wawili!"